Somo la Bustani: Mbolea Inayooteshwa



Swali la somo letu safari hii limetoka kwenu wenyewe. Akina mama watatu, kwa nyakati mbalimbali, wametuuliza kama ni kweli kwamba lile jani la ng'ombe liitwalo lusina, ambalo wengine huliita alfalfa, laweza kuwa mbolea ya bustani badala ya mbolea ya chumvichumvi. Mmoja alikuwa amesikia habari hiyo kwa mwanawe aliyeko masomoni. Mwingine alitueleza wazi sababu ya kuuliza kwake: fedha ya mfuko mmoja wa mbolea ndiyo hiyo hiyo fedha ya sare za watoto, na mwaka huu hawezi kupata vyote viwili.

Jibu fupi ni hili. Ndiyo, lusina ni mbolea nzuri, na watu wa nchi nyingi huitumia. Lakini kwetu Ufipa si jani la kuanzia, na sisi tunaowaandikia tulilijua jambo hilo baada ya kupoteza msimu mzima. Yako majani mengine yanayofanya kazi ile ile, yanaota hapa bila kubembelezwa, na bei yake ni jasho tu. Basi tuyaangalie mambo haya kwa utaratibu, maana mtu akijua kwa nini jani linakuwa mbolea, hatahangaika kutafuta mbegu za mbali.

JINSI JANI LINAVYOKUWA MBOLEA

Mmea unahitaji vyakula vingi, lakini kile unachokihitaji kwa wingi ili uwe na majani mabichi na shina nene ni naitrojeni. Hewa tunayoivuta imejaa naitrojeni. Karibu sehemu nne kati ya tano za hewa ni naitrojeni. Hata hivyo muhindi uliosimama katikati ya hewa hiyo waweza kuwa wa njano kwa njaa, kwa sababu hauna uwezo wa kuichukua ilivyo. Ni kama mtu mwenye kiu aliye ndani ya mtumbwi katikati ya bahari.

Mimea ya jamii ya mikunde, kama maharage, kunde, karanga, njugumawe, lusina na marejea, ina msaada ambao mahindi hayana. Ng'oeni mche wa kunde wenye afya, polepole pamoja na udongo wake, mtaona kwenye mizizi vinundu vidogo kama punje za ulezi. Kipasueni kimoja kwa ukucha. Kikiwa cha rangi nyekundu au ya waridi ndani, kinafanya kazi. Ndani yake wamo bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea, na mmea nao huwapa bakteria sukari. Kila mmoja anamlisha mwenzake.

Mmea huo ukikatwa na kufukiwa ungali mbichi, unaoza, na naitrojeni iliyokuwa katika majani yake inabaki katika udongo kwa ajili ya mmea utakaofuata. Hiyo ndiyo maana ya mbolea ya kijani.

Lusina inasifiwa kwa sababu mizizi yake huenda chini meta kadhaa, inakatwa na kuchipua tena mara nyingi, na majani yake yana naitrojeni nyingi. Kule Oman huoteshwa katika mashamba ya mitende kwa maji ya mifereji na kukatwa mwaka mzima kwa ajili ya mifugo. Marekani hukausha majani yake, wakayasaga, wakayauza katika mifuko kama mbolea ya bustani. Kwa hiyo mtoto wa yule mama hakudanganywa.

TULIVYOKOSEA

Miaka michache iliyopita tulipata mbegu kidogo za lusina kutoka kwa rafiki mwenye ng'ombe wa maziwa wa mkoa mwingine. Tuliandaa tuta zuri nyuma ya nyumba, tukasia mvua zilipoanza, tukangoja. Mbegu ziliota vizuri, tukafurahi. Baada ya mwezi mmoja miche ilikuwa na kimo cha kidole, ya njano kama iliyopigwa na baridi. Magugu yalikuwa na afya kuliko mazao. Tulipoing'oa, mizizi ilikuwa mitupu, haina kinundu hata kimoja.

Bwana shamba tuliyemwonyesha alicheka kidogo, kisha akatueleza mambo mawili ambayo tungepaswa kuyauliza kabla ya kupanda.

Kwanza ni udongo wenyewe. Uwanda wetu uko juu, na mji wa Sumbawanga uko kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Sehemu nyingi udongo ni wa kichanga, na mvua za miaka na miaka zimeusafisha chumvi zake na kuuacha ukiwa chachu. Wataalamu hupima uchachu wa udongo kwa namba: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Lusina inapenda kuanzia 6 na nusu kwenda 7 na kitu. Mashamba mengi ya kwetu yako chini ya hapo.

Pili, kila aina ya mikunde ina bakteria wake. Wale wanaokaa kwenye mizizi ya kunde hawaingii kwenye mizizi ya lusina. Mahali ambapo lusina haijawahi kulimwa, bakteria wake huwa hawamo, hivyo mkulima hulazimika kuwanunua na kuwapaka kwenye mbegu kabla ya kusia. Sisi hatukuwa na habari. Tulipanda mmea ugenini, peke yake, tukaulaumu kwamba hauna nguvu.

Hatusemi mtu asijaribu kamwe. Mwenye ng'ombe wa maziwa na tuta karibu na bomba au kisima aweza kutia chokaa ya kilimo au majivu mengi, na samadi iliyooza vizuri, akapata lusina ya kutosha kuwalisha ng'ombe wake, na samadi ya ng'ombe hao ikarudi bustanini. Lakini huo ni mradi wa mwenye mtaji kidogo. Mama mwenye tuta la mchicha na la kabichi, asiye na ng'ombe, hatuwezi kumshauri aanze huko.

Kosa letu la pili linatuaibisha zaidi. Baada ya lusina kushindwa tulisema, basi, tutafukia kitu chochote. Mwezi wa Oktoba tulikusanya mabua makavu ya mahindi na nyasi kavu, tukafukia kwa wingi, tukapanda mahindi juu yake mvua ya kwanza iliponyesha Novemba. Mahindi yalitoka ya njano kuliko ya jirani ambaye hakufukia kitu. Bibi mmoja jirani yetu alipita njiani, akasimama, akauliza, “Wanangu, mmefukia lini?” Tukamjibu. Akasema tu, “Mmechelewa miezi minane,” akaendelea na safari yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulikuwa tunaishi katikati ya watu walioijua kazi hii tangu zamani, na sisi tumeshika kitabu.

INTUMBA

Vijana wengine waliozaliwa mjini huenda hawajapata kuitengeneza intumba kwa mikono yao, basi tuieleze.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya nyasi, miti ni michache. Majirani zetu Wabemba wa Zambia, ambao nchi yao ina misitu, tangu zamani walikata matawi, wakayarundika, wakayachoma, wakapanda katika majivu. Hiyo ndiyo chitemene. Mfipa hakuwa na miti ya kuichezea hivyo. Alikuwa na nyasi na jembe. Kwa hiyo wakati mvua zinaelekea mwisho, udongo ungali laini na nyasi zingali mbichi, kuanzia Februari hivi mpaka Aprili, alikata vipande vya udongo pamoja na nyasi zake, akavipanga kwa duara, nyasi zikitazama ndani, akafunika kwa udongo juu, mpaka lukawa lundo la mviringo lenye upana wa karibu meta moja na kimo cha nusu meta au zaidi. Shamba lote likawa limejaa malundo hayo. Juu yake akapanda maharage, au maboga. Lundo likakaa kiangazi chote, nyasi zikaoza ndani. Msimu uliofuata alilibomoa, akautawanya ule udongo mweusi, akasia ulezi.

Wamambwe, walioko upande wetu na upande wa Zambia, wana kazi inayofanana na hiyo nao huiita fundikila. Kule Mbinga, Wamatengo hufukia nyasi katika ngoro zao milimani. Haya si mambo ya kubahatisha. Wataalamu wa kilimo wameyachunguza na kuyaandika.

Sasa tazameni hekima iliyomo. Nyasi na mabua makavu yana naitrojeni kidogo sana. Wale wadudu wadogo wa udongoni wanaoozesha takataka wanahitaji naitrojeni kwa ajili ya miili yao, na wasipoipata ndani ya mabua wanaichukua katika udongo. Kwa hiyo mtu akifukia mabua makavu leo na kupanda mahindi kesho, wadudu na mahindi wanagombea chakula kimoja, na wadudu ndio washindi kwa sababu ni wengi. Baada ya miezi kadhaa mabua yamekwisha kuoza, wadudu wanakufa, na chakula kinarudi udongoni. Wazee hawakuyataja maneno haya ya naitrojeni, lakini waliupa udongo muda wake. Walifukia nyasi zingali mbichi, zenye chakula zaidi kuliko zilizokauka. Walipanda kwanza maharage, ambayo yanaweza kujitafutia naitrojeni yenyewe kwa vinundu vyake. Ndipo ulezi ukafuata mwakani. Kila hatua ilikuwa mahali pake. Bibi alipotuambia tumechelewa miezi minane, alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa, tangu Februari mpaka Oktoba.

Tunaona huzuni tunapopita Julai na Agosti na kuona moshi kila upande. Nyasi zinachomwa, mabua yanachomwa, hata maganda na mabua ya maharage yaliyopurwa uani yanachomwa. Majivu yana faida yake, tutayasema baadaye, lakini naitrojeni yote imekwenda na moshi. Kisha Novemba tunakwenda dukani kuinunua.

KWA NINI TULISAHAU

Haifai kuwalaumu watu bila kutazama historia. Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa 1974, serikali ilikuwa inaweka bei moja ya mahindi na bei moja ya mbolea kwa nchi nzima, hata kwa mkulima aliye mbali na Dar es Salaam zaidi ya kilometa 1,000. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kimeanza kazi 1972. Mbolea ilikuja, mahindi yalistawi, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ile mikoa minne mikubwa ya mahindi. Nani angejichosha na malundo ya nyasi wakati mfuko mmoja unafanya kazi kwa wiki mbili?

Kisha mambo yakageuka. Kiwanda cha Tanga kilifungwa 1991, na katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1990 ruzuku ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaondolewa. Baadaye imerudi kwa namna mbalimbali, na bei za dunia zilipopanda sana 2022 serikali iliweka ruzuku tena. Tunashukuru, na anayeweza kuipata aitumie. Lakini mnaona wenyewe kwamba bei ya mfuko huamuliwa mbali nasi, wakati mwingine kwa vita ya nchi ambazo hatujapata kuziona. Bustani ya nyumbani isingoje habari hizo.

MAREJEA

Ikiwa lusina haitufai, ni mmea gani wa mikunde utakaoota katika udongo chachu, wenye bakteria walio tayari ardhini, na mbegu yake si ya kununua kila mwaka? Jibu letu ni marejea.

Wengi mnaujua. Unasimama wima, kimo cha mtu na zaidi, majani membamba, maua ya njano, na maganda yake yakikauka mbegu hulia ndani kama kayamba. Katika miaka ya 1980 Wabenediktini wa Peramiho, Ruvuma, na hasa mtawa Gerold Rupper, waliufanyia kazi kubwa, wakaueneza kwa wakulima wa kusini, wakaandika habari zake. Jina lake linasikika kama kurejea, na ndiyo kazi yake hasa, kuirejesha nguvu ya udongo. Bakteria wanaoufaa ni wa kundi lile lile wanaokaa na kunde, nao wamejaa katika udongo wetu. Hivyo hauhitaji kupakwa kitu.

Namna ya kuutumia bustanini ni hii. Gaweni bustani sehemu mbili au tatu. Sehemu moja ipumzike msimu huu. Mvua zikianza Novemba, lima kidogo, chora mistari yenye nafasi ya kama shubiri moja na nusu, sia mbegu nyembamba nyembamba, funika kwa udongo kidogo tu maana mbegu ni ndogo. Palilia mara moja. Baada ya hapo wenyewe unafunika ardhi na kuyanyima magugu mwanga. Baada ya miezi miwili na nusu au mitatu, yaani karibu na Februari, utaanza kutoa maua. Hapo ndipo pa kukata. Msingoje uzuri wa maua ukamilike. Ukiachwa ukazaa, shina linakuwa gumu kama kuni, na chakula chote kinahamia kwenye mbegu.

Kateni vipande vya urefu wa kiganja, fukieni siku hiyo hiyo kabla jua halijayakausha majani. Na hapa ndipo mambo mawili yanapokutana vizuri: Februari na Machi ndio wakati wa intumba. Badala ya nyasi peke yake, wekeni ndani ya lundo nyasi mbichi na marejea pamoja. Marejea inaleta naitrojeni, wadudu wanaitumia kuozesha nyasi, na lundo linaiva mapema. Baada ya wiki mbili au tatu pandeni maharage ya mwisho wa mvua juu yake. Novemba inayofuata pasambazeni, pandeni kabichi, mchicha, vitunguu au mahindi ya kuchoma. Mizizi iliyobaki chini msiing'oe. Nayo ni mbolea.

Jambo moja la hadhari. Mimea ya ukoo wa marejea ni mingi sana porini, na baadhi yake ina sumu inayodhuru ini la mifugo. Zote zina maganda yanayolia. Kwa hiyo pateni mbegu kwa mtu anayeijua marejea yenyewe, wala msiwape ng'ombe au mbuzi mmea mliouokota njiani kwa kuwa tu umefanana.

ALIZETI MWITU, NA HESABU KIDOGO

Mama asiye na nafasi ya kupumzisha hata tuta moja afanyeje? Atazame uani. Ile alizeti mwitu yenye maua makubwa ya njano na majani machungu, inayopandwa kuwa ua au kuota yenyewe kando ya barabara, ni hazina. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani zake. Si mmea wa mikunde, hauchukui naitrojeni ya hewani. Lakini mizizi yake ina ustadi wa kukusanya chakula kilichotawanyika ardhini na kukiweka katika majani. Kule magharibi ya Kenya, Maseno, watafiti waliipima katika miaka ya 1990, wakakuta kwamba katika kilo 100 za majani makavu mna kilo 3 na nusu za naitrojeni, kilo 4 za potasiamu, na fosforasi kama theluthi moja ya kilo. Majani ya lusina hayaishindi.

Hebu tupige hesabu, maana wengine huahidiwa makubwa wakaja kukata tamaa. Tuta la meta 10 kwa meta 1 lihitaji kilo 10 za majani mabichi na machipukizi laini, yaani kama gunia moja lisiloshindiliwa. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Yakikauka hubaki kama kilo 2. Ndani ya kilo 2 hizo mna naitrojeni gramu 70. Mbolea ya urea ina naitrojeni sehemu 46 katika 100, hivyo gramu 70 ni sawa na gramu 150 hivi za urea, kiganja na kitu. Kwa tuta la mboga hicho ni kipimo kizuri kabisa.

Sasa mwenye ekari moja ya mahindi, akitaka kufanya vivyo hivyo, atahitaji tani 4 za majani mabichi, akayakate, ayabebe, ayafukie. Hatudhani atamaliza, na mkewe au mumewe atamwona amerukwa na akili. Kwa ekari, mbolea ya kijani ioteshwe pale pale shambani, au mkulima aongeze samadi na mbolea ya dukani kidogo. Kubeba majani ni kazi ya bustani. Tunalisema hili kwa sababu tumeona watu wakihubiri majani kana kwamba mfuko wa dukani ni dhambi. Si dhambi. Ni ghali tu.

Majani ya alizeti mwitu ni laini, hayagombei naitrojeni na mazao kama mabua yanavyofanya. Yafukieni wiki mbili kabla ya kuhamisha miche. Kwa miche iliyokwisha kushika, jazeni theluthi ya debe kwa majani yaliyokatwakatwa, ongezeni maji mpaka karibu na ukingo, funikeni, mkoroge kila baada ya siku mbili tatu. Baada ya wiki mbili maji yatakuwa meusi na harufu yake itawafukuza wageni. Changanyeni kopo moja na makopo mawili ya maji safi, mpaka rangi iwe kama chai isiyokolea, mwagieni kwenye shina jioni, si juu ya majani ya mboga mtakazozila.

KISICHOKUWAMO KATIKA MAJANI

Mbolea ya kijani ina upungufu wake. Bakteria wanaweza kuleta naitrojeni kutoka hewani, lakini fosforasi haimo hewani. Majani yanaweza kurudisha tu ile iliyokuwa tayari ardhini. Udongo ukiwa umepungukiwa, mtaona miche ya mahindi ina majani ya rangi ya zambarau pembezoni, inakua polepole, na maharage yana vinundu vichache. Maana hata bakteria hawafanyi kazi vizuri bila fosforasi.

Samadi ya kuku na ya ng'ombe inasaidia. Mifupa iliyochomwa na kupondwa inasaidia, ingawa ni kidogo. Nchi yetu pia ina mwamba wa fosfati kule Minjingu, mkoa wa Manyara, uliotokana na mavi na mabaki ya ndege wa ziwa la kale. Mpaka leo tunakula kutokana na ndege waliokufa zamani sana. Na tazameni jambo hili: unga wa mwamba wa Minjingu huyeyuka vizuri katika udongo chachu kuliko katika udongo usio chachu. Ule uchachu uliotuulia lusina, hapa unatufaa. Mtu akinunua mfuko mmoja na kugawana na jirani, kiganja kimoja katika kila lundo la intumba wakati wa kufukia majani, mfuko utakwenda mbali.

Majivu ya jikoni hupunguza uchachu na kuleta potasiamu. Yanyunyizwe kidogo, kiganja kwa kila hatua moja ya tuta, yachanganywe na udongo. Msiyachanganye na samadi mbichi, maana yataifanya naitrojeni iruke hewani. Anayetaka kuujua udongo wake kwa uhakika aulize kwa bwana shamba habari za kupimisha. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, hufanya kazi hiyo, na jirani kumi wenye udongo wa namna moja waweza kuchangia gharama.

MBEGU

Tumalizie na mbegu, kwa sababu wengi hukata marejea yote kwa furaha, kisha mwakani huanza kuomba. Acheni mistari miwili ya pembeni isikatwe. Maganda yatakauka kati ya Mei na Juni. Yavuneni asubuhi mapema kukiwa na umande, maana mchana jua likiwaka hupasuka na kumwaga mbegu chini. Yatandazeni juu ya mkeka uani siku chache, yapigeni kwa fimbo, pepeteni. Mbegu zikaushwe tena kivulini, ziwekwe katika chupa yenye kizibo pamoja na majivu kidogo dhidi ya wadudu, na chupa iwekwe mahali pasipo na moshi wala joto la jiko.

Sisi tulivuna kiasi cha vikombe vinane mwaka uliopita. Vitatu tunavihitaji. Vilivyobaki ni vya yeyote atakayefika kabla ya mvua za Novemba, nusu kikombe kwa kila nyumba, aje na chupa yake iliyokauka vizuri. Yule bibi jirani yetu amekwisha kuchukua fungu lake, na ametuambia kwamba Februari atakuja kutazama jinsi tunavyoipanga intumba.